Ailime na Kuitunza: Mwongozo wa Mwaka Mzima wa Bustani ya Kihambani

Anayesubiri mvua ndipo ashike jembe ameshachelewa. Bustani ya nyumbani, iwe kihamba, yaani shamba la Mchagga linalozunguka nyumba, chenye migomba huko Kibosho au matuta manne ya mboga nyuma ya jiko, huandaliwa kwenye jua la Januari na Februari. Mvua za masika zikifika, kazi iliyobaki ni kutia mbegu na kufunika. Kwa hiyo mwongozo huu unauanza mwaka kiangazi na kuumaliza wakati wa vuli. Majira ninayoyataja ni ya mteremko wa Kilimanjaro na maeneo mengine yenye mvua mbili kwa mwaka. Ukiwa Dodoma au Singida, ambako mvua ni moja tu kuanzia Desemba hadi Aprili, kazi za kiangazi zifanye Oktoba na Novemba, mengine yatafuata.

Kwa nini kumtaja Mungu kwenye mambo ya samadi? Kwa sababu Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa Edeni "ailime na kuitunza", na aliwekwa kabla ya kuanguka dhambini. Jembe halikuja na laana. Kilichokuja na laana ni miiba na michongoma. Na agizo lina sehemu mbili. Wakristo wengi tumeshika ile ya kulima kwa mikono miwili, ya kutunza tumewaachia wafadhili na miradi yao.

Wazee wa Kichagga walizishika zote mbili. Kihamba cha asili kina ghorofa zake: juu kabisa mringaringa, mruka na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage, huku viazi vikuu vikiparamia mashina. Ng'ombe yuko zizini, majani yanamfuata, samadi inarudi kwenye mgomba. Maji yanashuka kwa mifongo, yaani mifereji ya asili, iliyochimbwa vizazi vingi vilivyopita. Mwaka 1978 Waustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walipoitangazia dunia permakalcha, yaani kilimo cha kudumu kinachoiga mpangilio wa asili, mengi waliyoyapendekeza yalikuwa yakifanyika Marangu na Machame bila jina hilo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, likakitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Hatuna basi haja ya kuanza kwa kuagiza ujuzi kutoka mbali.

Kabla ya jembe: fuata maji

Siku ya mvua kubwa vaa koti, toka nje, uzunguke eneo lako lote. Angalia maji yanaingilia wapi, yanatuama wapi, yanatokea wapi, na yamebeba nini. Maji mekundu yanayotoka kwako kwenda barabarani ni shamba lako linahama.

Ukiisha kujua njia ya maji, pima usawa wa mteremko. Kifaa chake unakitengeneza mwenyewe. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2, ifunge pamoja juu, kisha funga mti mfupi katikati ili ipatikane herufi A. Ning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama pale kamba inapokata mti wa katikati, halafu ubadilishane miguu yake mahali palepale na kuweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo alama ya usawa. Sasa itembeze shambani mguu kwa mguu, kamba ikilala kwenye alama hiyo, na kila hatua upigilie kigingi.

Kufuata vigingi hivyo chimba makinga maji, upana sentimita 60 na kina kama hicho, udongo ukiutupa upande wa juu. Ndiyo "fanya juu" ambayo mabwana shamba wameihubiri miaka mingi. Juu ya tuta lake panda mabingobingo, gwatemala au kaliandra: mizizi inashika udongo, majani yanakwenda kwa ng'ombe na mbuzi. Usichimbe mtaro unaomwaga maji kwa jirani wa chini. Na ukifika mpakani, masale, mimea ya kuonyesha mpaka, yaliyopandwa na babu yaache yalipo. Mithali 22:28 inakataza kuhamisha mpaka wa kale, na wenye kesi za ardhi zisizoisha wanajua sababu.

Kisha panga vitu kulingana na mara ngapi utavifikia. Mchicha, mnavu, kitunguu cha majani na pilipili viwe hatua chache kutoka mlango wa jiko, kwa maana mboga iliyo mbali haichumwi jioni ya mvua. Banda la kuku liwe juu ya bustani, si chini yake, ili mbolea ishuke badala ya kupandishwa. Migomba ifuate, kisha kahawa, na malisho pembeni. Miti mirefu ikae pale kivuli chake cha mchana hakitaangukia mboga.

Januari na Februari: kiangazi

Huu ndio wakati wa kazi nzito, na kazi ya kwanza ni mboji. Chagua mahali penye kivuli. Tifua ardhi upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2, utandaze matawi membamba ili hewa ipite chini. Juu yake panga tabaka: majani makavu au mabua yaliyokatwakatwa, sentimita 20, majani mabichi, alizeti mwitu yakiwa bora kuliko yote, sentimita 10, samadi, sentimita 5, majivu kidogo ya kunyunyizia, mwisho udongo wa juu kiganja hapa na pale. Mwagia maji kila tabaka. Rudia mpaka lundo lifike mita 1.5, ulifunike kwa majani ya migomba.

Chomeka fimbo ndefu mpaka katikati. Baada ya siku nne au tano ichomoe uishike: ikiwa ya moto na yenye unyevu, lundo linafanya kazi. Ikiwa ya baridi na kavu, ongeza maji. Ikiwa ya baridi na inanuka uozo, maji yamezidi. Lipangue, changanya majani makavu. Geuza lundo kila baada ya wiki tatu. Baada ya miezi mitatu hivi utapata kitu cheusi chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Anayelianza lundo Januari atalitumia kwa mboga za Aprili. Kwa mahindi ya Machi utahitaji samadi iliyokwisha kuiva, ile iliyolala zizini miezi kadhaa. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Kazi ya pili ni mashimo ya mahindi. Hapa nafuata utaratibu uliosambaa makanisani katika nchi nyingi za Afrika kutoka Zimbabwe. Mkulima Brian Oldreive, aliyekuwa akisimamia shamba la Hinton Estate na kuona mavuno yakishuka mwaka hadi mwaka, alikwenda porini kutazama jinsi Mungu anavyolima. Aliona mambo mawili: msituni hakuna anayepindua udongo, na msituni udongo hauachwi uchi. Mwaka 1984 akaanza kupanda bila kulima, mabaki ya mazao yakibaki juu ya ardhi. Wanaoufundisha utaratibu huo huliita tandazo hilo blanketi la Mungu.

Chukua kamba, ifunge fundo kila sentimita 60. Mistari iwe sentimita 75 kutoka mmoja hadi mwingine, ukikata mteremko. Kila penye fundo chimba shimo la kina cha sentimita 15, upana wa jembe, udongo ukiuweka upande wa chini. Mimina kopo la nusu lita la samadi iliyoiva, rudisha udongo kiasi, acha kibonde kidogo cha kukusanyia maji. Kipande cha mita 6 kwa 6 kinabeba mashimo 80 hivi, yaani lita 40 za samadi, ndoo mbili kubwa. Hakuna mtu asiyeweza kipande hicho. Anza nacho, na mwakani uchimbe mashimo yale yale, kwa sababu rutuba uliyoiweka bado iko pale pale.

Mashimo ya migomba yachimbwe sasa pia, sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Kwenye ukame zaidi fika 90. Tenga udongo wa juu na wa chini. Wa juu uchanganye na debe mbili za samadi, urudishe shimoni, uache utulie mpaka mvua.

Mwisho, jaribu mbegu. Weka mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka mahali penye joto. Baada ya wiki moja zikiota 8 na zaidi, endelea. Zikiota chini ya 6, tafuta nyingine mapema, dukani foleni haijaanza. Kwaresima mara nyingi huanza kipindi hiki, na sioni funga iliyo bora kuliko ile inayoambatana na jasho la mashimo. Kuna mahubiri siku hizi ya kuombea mbegu ardhini ili zizae mara mia. Kuomba ni kwema. Lakini yule mtunza bustani wa Luka 13, mtini ulipokosa matunda miaka mitatu, aliomba mwaka mmoja zaidi ili auchimbie pande zote na kuutilia samadi.

Machi hadi Mei: masika

Mvua ya kwanza isikudanganye. Baada ya kunyesha, chimba kwa mkono: unyevu ukifika sentimita 15, urefu wa kiganja kilichonyooshwa, panda siku hiyo hiyo. Ukishapita hapo usianze kubashiri anga. Mhubiri 11:4 ina neno kwa wanaotazama mawingu.

Weka punje tatu kwa kila shimo, zikiachana kidogo, uzifunike kwa udongo wa sentimita 5. Wiki mbili au tatu baada ya kuota ng'oa ule mche dhaifu, ubaki na miwili. Katikati ya mistari panda maharage. Nchi iliyobaki wazi yote funika kwa matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 10: mabua, nyasi ambazo hazijatoa mbegu, majani makavu ya migomba. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo linaoza na konokono wanapata nyumba. Magugu yatakayopenya yang'oe kwa mkono yakiwa madogo, kabla hayajatoa maua.

Najua swali linalokuja: matandazo yatoke wapi, wakati ng'ombe anasubiri? Hili ndilo jambo gumu kuliko yote katika kilimo hiki, na mafundisho mengi yanalipitia juujuu. Vihamba vimegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, majani hayatoshi. Jibu langu ni kwamba mpe ng'ombe sehemu laini, mabua magumu yabaki ardhini, na panda chakula cha ng'ombe kwenye makinga maji na mipakani mpaka mahindi yasitegemewe tena. Mpaka hapo utakapofika, funika kipande kidogo vizuri kuliko kufunika shamba zima kwa aibu.

Migomba ipandwe katikati ya masika. Chagua machipukizi yenye majani membamba kutoka kwenye shina lenye afya, yamenye mizizi, kata sehemu yoyote iliyotobolewa na fukusi, panda kwa umbali wa mita 3. Siku za mbele kila shimo libaki na mashina matatu tu: mama, binti na mjukuu. Wengine wote ni wageni wa kula. Panga ulilokatia mgomba mgonjwa lipitishe motoni kabla hujagusa mwingine.

Kwa mboga, masika ni ya mchicha, mnavu, figiri na sukuma wiki. Nyanya ziache. Unyevu wa Aprili huziletea baka la majani, utapulizia dawa mpaka faida yote iishie dukani. Sia kitalu cha nyanya Mei, uhamishe miche mvua zikipungua. Tuta la kitalu liwe na upana wa mita 1, vifereji kila sentimita 15, mbegu kina cha sentimita 1, na kichanja cha majani juu yake. Siku chache kabla ya kuhamisha punguza kivuli na maji ili miche ikomae.

Wadudu. Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika mwaka 2016, mwaka uliofuata wakawa Tanzania, na hawakuondoka. Dawa ya kwanza ni macho: mara mbili kwa wiki pita asubuhi, geuza majani, ponda mayai kwa vidole, na penye tundu mpya tia majivu au mchanga laini kwenye moyo wa mhindi. Kwa vidukari na viwavi vya mboga twanga kilo 1 ya majani ya mwarobaini, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, ongeza sabuni ya kipande kidogo, pulizia jioni nyuki wakiwa wamelala. Wengine hutumia mmea wa utupa. Unafanya kazi, lakini unaua samaki, kwa hiyo bomba la kupulizia lisioshwe kamwe kwenye mfongo.

Juni hadi Septemba: kipupwe

Baridi inapunguza mwendo wa mimea na ukavu unaanza polepole. Huu ni msimu wa mboga za kumwagilia na wa kuvuna, na ndipo kazi ya kufunika inapoonekana faida: tuta lenye matandazo linamwagiliwa mara chache kuliko lililo wazi.

Maji ya bafuni na ya kuoshea vyombo yapeleke kwenye duara la migomba. Chimba bonde la upana wa mita 2 na kina cha mita 1, udongo ukiufanya kingo kuzunguka. Panda migomba minne au mitano juu ya kingo, viazi vitamu na magimbi kati yake, na bonde lijaze mabua, matawi na taka za jikoni. Mfereji mdogo ulete maji hapo. Ukitumia sabuni nyingi ya unga, geuza mfereji wiki nyingine uende mahali pengine.

Paa nalo ni chanzo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linatoa karibu lita 800, ukitoa kidogo kinachopotea. Mvua chache kama hizo zinajaza tangi, kwa hiyo mabomba ya kukingia yawekwe kipupwe hiki, kabla ya vuli. Mwenye zamu ya mfongo aheshimu zamu. Kufungulia maji usiku ni wizi hata kama asubuhi yake ni Jumapili na wewe ni mzee wa kanisa.

Kuhusu Jumapili yenyewe: mifugo haijui siku. Kata majani ya siku mbili Jumamosi mchana, jaza madumu jioni, na kesho yake kazi ya zizi iwe ya nusu saa.

Mahindi yakikauka, vunja, mabua yalaze hapo hapo. Usichome. Moto wa Agosti unaosafisha shamba ndio unaokula mboji ya mwakani, na moshi wake hauna baraka. Mambo ya Walawi 19:9 inaagiza pembe za shamba zisivunwe zote. Kwa bustani ndogo hilo ni rahisi: mstari wa nje wa sukuma wiki, au tawi la parachichi lililoinamia njiani, lisiwe na ulinzi. Watoto wa shule watajua.

Kisha malimbuko. Chagua mkungu, kuku au debe la maharage kabla ya kuhesabu mengine, upeleke sikukuu ya mavuno. Mnadani baada ya ibada utaona yai likinunuliwa kwa bei ya kuku, likarudishwa, likauzwa tena. Hesabu hiyo haifundishwi chuo chochote cha biashara.

Oktoba hadi Desemba: vuli

Vuli haiaminiki kama masika. Panda vinavyowahi: mchicha unachumwa ndani ya wiki nne, maharage ya muda mfupi, kunde kwenye sehemu za chini zenye joto. Chanja kuku dhidi ya kideri kabla wageni hawajaanza kuleta kuku wengine, na urudie kila miezi mitatu. Desemba, wana wote wakirudi kutoka Dar kula Krismasi, watumie. Watu kumi wanageuza lundo la mboji ndani ya dakika ishirini, na anayelalamika viatu vyake vinachafuka mpe jembe.

Maharage ya mbegu yachague sasa, kutoka kwenye mimea iliyozaa vizuri bila ugonjwa, si kutoka gunia la kula. Anika mpaka punje ivunjike ukiiuma badala ya kubonyea. Changanya na majivu makavu yaliyochekechwa, jaza chupa mpaka shingoni ili hewa isibaki, ziba kwa nta, andika aina na mwezi.

Lipo jambo la mwisho la vuli ambalo wengi wanaliona hasara. Gawanya bustani ya mboga matuta saba na kila mwaka moja lipumzike. Walawi 25 iliwapa Waisraeli mwaka wa saba kuwa sabato ya nchi. Sidai sheria ile inamfunga Mchagga wa Marangu, lakini aliyeitoa ndiye aliyeumba udongo. Tuta linalopumzika lisiachwe uchi. Panda ngwara, za jamii ya maharage, mvua za vuli zinapoanza, umbali wa sentimita 30, usichume kitu. Zikianza kutoa maua kata shina usawa wa ardhi, mizizi ibaki chini, majani uyalaze juu ya tuta hilo hilo. Kuku wasiingie hapo, watayachakura yote. Masika yanayofuata pangua matandazo kwa mkono, panda miche ya sukuma wiki kwa sentimita 60 kwa 45 moja kwa moja kati ya mashina yaliyooza, na zamu ya kupumzika ihamie tuta la jirani yake.